Nyimbo Nyingi, Moyo Mmoja



Mpenzi wa muziki wa dansi katika nchi yetu amezoea kuulizwa swali moja: "Wewe ni wa Msondo au wa Sikinde?" Huulizwa kama lile la Simba na Yanga, na anayejibu kwamba anazipenda bendi zote mbili huonekana hana msimamo. Mimi hujibu hivyo bila kuona haya. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo twaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwamo katika Mlimani Park, yaani Sikinde, ilipoanza. Na baadaye akarejea Msondo. Ikiwa mwimbaji mwenyewe alizitumikia nyumba zote mbili, kwa nini msikilizaji ajifungie katika moja?

Hata hivyo, mapenzi yangu hayaishii kwenye dansi. Nawapenda Ikhwani Safaa wa Unguja, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Udi, kanuni na fidla hutangulia kwa utaratibu wao, na mwimbaji hangojewi kwa pupa. Mtu mwenye haraka kama mimi hufundishwa subira. Naipenda pia ngoma ya mganda ya kandokando ya Ziwa Nyasa, ambamo wanaume hujipanga mistari kama askari na kuvumisha vibuyu vyao kwa kuiga bendi za jeshi la enzi za ukoloni. Babu zetu walizisikia tarumbeta za wakoloni, wakazigeuza kuwa furaha yao wenyewe. Na usiku, kazi za parokia zikiisha, husikiliza watawa wakiimba kwa Kilatini, sauti tupu pasipo ala.

Watu huniuliza mambo haya yanakaaje pamoja katika moyo wa mtu mmoja. Hujibu kwamba kila moja lina saa yake, nami silitaki moja linipe kile ambacho ni cha jingine. Magitaa ya Sikinde hunichangamsha safarini kuelekea vigangoni. Nikiyatafuta kwa ajili ya kutafakari, nitakuwa nimeyaonea.

Hapa Iyunga tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katika miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilituletea majirani kutoka pande nyingi, nao hawakuziacha nyimbo za kwao stesheni.

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Katika mkesha wa kuamkia mazishi, watoto wake walitaka kupiga wimbo wa Remmy Ongala uitwao "Kifo", kwa kuwa baba yao aliupenda mno. Wazee wa jumuiya walikataa, wakisema msiba wa Mkristo ni wa nyimbo za dini. Maneno yakawa makali, hata mtoto mkubwa akaapa kwamba kesho yake hatatia mguu kanisani. Nikawasihi wazee wangu kwamba tuusikilize kwanza wimbo wenyewe. Ukapigwa. Ua zima likanyamaza, na mjane, ambaye tangu msiba uingie hakuwa ametoa chozi, akalia. Mzee mmoja kati ya wale waliokataa akasema polepole, "Baba Paroko, huyu naye amehubiri."

Asubuhi kwaya yetu iliimba Misa ya wafu, na yule mtoto mkubwa alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hakuna aliyeomba wimbo wa Remmy upigwe kanisani. Mkesha ulikuwa umepata wimbo wake, na Misa ikapata zake. Remmy mwenyewe, aliyefariki mwaka 2010, aliimba nyimbo za Injili katika miaka yake ya mwisho.

Kanisa nalo halikuchagua upande mmoja. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya mwaka 1963, iliupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi, na hati hiyohiyo ikataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni uheshimiwe. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi hii, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Nayo Zaburi ya 150 huita baragumu, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi kwa pamoja, bila kuuliza kipi kimezidi kingine.

Nayasema haya kwa kuwa najua baadhi yetu huupima uchaji wa jirani kwa redio inayosikika dirishani kwake. Juma hili, mwombeni jirani wa namna hiyo awasikilizishe wimbo anaoupenda kuliko zote. Usikilizeni hadi mwisho, kisha mwulizeni unamkumbusha nani.