Kamera Haikuwa Imekufa

Namshukuru Mungu studio yangu bado iko wazi. Nashuhudia haya kwa ajili ya wapiga picha wenzangu, maana yupo kati yetu ambaye siku moja ataunganisha kamera na kompyuta akaambiwa hakuna kamera, huku foleni ya wateja ikimtazama.

Napiga picha za pasipoti na za familia kwenye fremu ndogo mjini Morogoro. Kamera yangu ni Canon EOS 1100D niliyoinunua mtumba, na kompyuta ni mpakato ya zamani inayotumia Linux. Niliingia Linux kwa sababu ya virusi. Wateja walikuwa wanaleta flashi zao, kila flashi na ugonjwa wake, na nilichoka kuona mafaili ya watu yakifichwa na kugeuzwa majina.

Kazi yangu yote hupita kwenye waya. Mteja anakaa mbele ya pazia la bluu, napiga, na picha inatokea pale pale kwenye kioo cha kompyuta kupitia programu ya darktable. Anajiona, anachagua, nachapa. Mama aliyebeba mtoto anayelia hawezi kusubiri nichomoe kadi, niipachike kwenye kompyuta, nigundue mtoto alifumba macho, kisha nianze upya. Kwa hiyo wanaosema "si utumie kadi rida tu" wana haki kwa picha za harusi. Picha za pasipoti zina mwendo wake.

Ilikuwa msimu wa wanafunzi kujaza fomu za mkopo, msimu ambao hunilipia kodi. Waya wa zamani ulikuwa umekatika ndani, nikanunua mwingine. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeweka toleo jipya la Ubuntu, ambayo ndiyo Linux ninayotumia. Nikaunganisha: kimya. Wanafunzi wakaanza kuvuka barabara kwenda studio nyingine mmoja mmoja, na sikuwa na la kuwaambia. Fundi mmoja akaishika kamera, akaigeuza, akasema, "Dada, mazabodi ya hii imekufa, tundu halisomi." Bei aliyoitaja ilizidi kodi ya fremu. Akaongeza kuwa hata nikitengeneza, bora anipigie Windows kwanza. Kodi yenyewe nilikuwa nadaiwa tayari. Usiku ule nililia, kisha nikaomba, kisha nikafungua kompyuta nikaanza kusoma.

Nilichokielewa kwanza ndicho kilichoniokoa: kati ya kamera na programu ya picha kuna vituo kadhaa, na kila kituo kinaweza kuulizwa peke yake. Cha kwanza ni waya. Amri ya lsusb haijali darktable wala programu nyingine ya picha kama digiKam. Inaorodhesha tu vifaa vilivyojitambulisha kwenye matundu ya USB. Vifaa vya Canon huonekana na namba inayoanza 04a9, vya Nikon 04b0. Kwangu hapakuwa na mstari wa Canon kabisa. Waya wa USB wa aina ile una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data, na ziko nyaya zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji tu ambazo hazina zile za data. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nikaazima waya kwa jirani anayeuza redio, nikaendesha lsusb tena, na mstari wa Canon ukatokea. Nilisimama. Mazabodi iliyokufa haijitambulishi kwa jina lake.

Hata hivyo darktable ilikuwa bado inakataa. Sasa iliiona kamera lakini ikasema imeshikwa na programu nyingine. Nikaweka gphoto2, programu ya kuandika amri inayotumia maktaba ile ile ambayo darktable, digiKam na Shotwell huitegemea, yaani libgphoto2. Amri ya gphoto2 --auto-detect ikaitaja kamera yangu kwa jina kamili. Nilipoiomba muhtasari kwa gphoto2 --summary, ikarudisha kosa namba -53: imeshindwa kukimiliki kifaa cha USB.

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo maelezo ni mazuri. Kamera za Canon EOS hazijifanyi flashi zikiunganishwa. Huzungumza lugha inayoitwa PTP, iliyowekwa katika kiwango cha ISO 15740, na mazungumzo hayo humilikiwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Mazingira ya GNOME ya Ubuntu, kwa nia njema kabisa, huiwahi kamera mara tu inapochomekwa ili yakuoneshe picha zako kwenye dirisha la mafaili. Yanaishika, hayaiachii, na darktable inafika mlango umefungwa. Dawa ni kubonyeza alama ya kutoa iliyo kando ya jina la kamera kwenye dirisha la mafaili, au kuandika gio mount -s gphoto2. Usichomoe waya, maana ukiurudisha itashikwa tena. Nikaandika amri ile, nikafungua darktable, nikabonyeza kitufe cha kamera, na picha ya pazia tupu la bluu ikatokea kwenye kioo.

Utakutana na watu watakaokushauri uendeshe kila kitu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Sikubaliani nao. Ikiwa kamera inafanya kazi kwa sudo tu, tatizo ni ruhusa, na ruhusa hurekebishwa kwenye kanuni za udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, ambazo huja pamoja na libgphoto2. Ukizoea sudo utaishia na folda za picha usizoweza kuzigusa mwenyewe. Angalia pia menyu ya kamera yenyewe: kipengele cha kujizima kikiachwa, kamera hulala katikati ya kazi na kuukata muunganisho. Changu nilikizima.

Libgphoto2 inafahamu kamera zaidi ya 2,500, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu wa kujitolea. Kampuni nyingi hazikuwapa maelezo ya amri zao za siri, kwa hiyo walikaa wakitazama data inavyopita kwenye waya hadi wakaelewa. Hawanijui, wala hawajui Morogoro, na kodi ya fremu yangu ililipwa kwa jasho lao. Nawaombea heri kwa moyo wangu wote.

Ndugu yangu mwenye studio, ukiambiwa kamera imekufa, usitoe hela hapo hapo. Mwombe fundi aendeshe lsusb mbele yako kwa waya ambao umethibitika kupitisha data. Mstari wa kamera ukionekana, chukua kamera yako urudi nayo kazini, kisha utafute ni programu gani imeishika.