Kahawa Inayouzwa Ikingali Maua

Injili ya Dominika ya 18 ya Mwaka C inatuletea yule tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaamua kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikadaiwa (Lk 12:13-21). Tunaposikia mfano huo hapa kwetu, wengi tunavuta pumzi kwa faraja. Tunasema haya ni ya matajiri, kwani ni nani hapa Bilele mwenye ghala la kubomoa?

Lakini tusiharakishe. Mfano ule haukuanza na tajiri. Ulianza na mtu wa kawaida katika umati, aliyemwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Ni kesi tunayoijua sana sisi watu wa Bukoba na Muleba, ambao kila ukoo una habari ya kibanja na ndugu wasioamkiana kwa sababu yake. Yesu alikataa kuwa hakimu wao. Badala yake aliwaonya wote waliokuwepo wajihadhari na choyo cha kila namna, kwa maana vitu, hata viwe vingi kiasi gani, havimpi mtu uhai. Alisema choyo cha kila namna, na leo tungependa kutafakari juu ya namna moja ambayo haina sura ya choyo hata kidogo, kwa sababu inavaa vazi la umaskini. Ni mazoea ya kununua ovyo vitu vya bei rahisi kutoka mbali.

Tupite kidogo katika mitaa yetu ya Bilele, kuelekea sokoni. Tutakuta ndoo na mabeseni ya kila rangi, kandambili, tochi za kuchaji, redio ndogo, saa za mkononi, maua ya plastiki, vifaa vya kuchezea watoto, na marobota ya mitumba yanayofunguliwa huku watu wakisubiri kuchagua. Vingi vimetengenezwa China, vikashushwa bandarini na kupitia Kariakoo. Vingine vimevuka mpaka wa Mutukula, takriban kilometa 80 kutoka hapa, kwani Kampala iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Hatuwalaumu wanaoviuza. Miongoni mwao ni akina mama wajane wanaosomesha watoto kwa meza moja ya mitumba, nao ni waamini wetu, tunakutana nao Misani kila Jumapili.

Tena haki inatudai tuseme ukweli mwingine. Wazee wetu wanakumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati sabuni, chumvi na nguo vilikuwa adimu, na mtu mwenye shati moja zima alionekana amebarikiwa. Serikali ilipoanza mwaka 1984 kuwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, wengi walipata kujisitiri tena. Nguo iliyovaliwa Ulaya au Marekani imemkinga mtoto wa hapa na baridi ya asubuhi. Kwa hiyo hatuwezi kusimama altareni na kulaani kila kilichotoka nje. Hata cherehani cha Butterfly ambacho fundi wetu ameketi nacho barazani kimetoka China, nacho kimelisha familia yake miaka mingi. Kipo kitu kigeni kinachompa mtu kazi, na kipo kinachomnyang'anya kazi pamoja na akiba yake. Mkristo anapaswa kujua kupambanua.

Tatizo letu linaonekana vizuri zaidi tukitoka mjini na kuingia mashambani. Wote tunajua neno butura. Ni ile biashara ambayo mkulima anauza kahawa yake ingali mtini, mara nyingine ikiwa bado maua tu, kwa mtu mwenye fedha taslimu, na kwa bei iliyo chini sana ya ile ya msimu. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, wala haijaisha. Na tuseme wazi kwamba wengine wameingia katika butura kwa machozi, kwa sababu mgonjwa yuko wodini au mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mtu kama huyo hahitaji kuhubiriwa, anahitaji kusaidiwa.

Lakini tunapozitembelea familia na kuketi katika jumuiya, tunasikia pia habari za namna nyingine. Kahawa imeuzwa ikingali maua ili harusi iwe na mapambo kama ya harusi ya jirani. Imeuzwa ili sebuleni pawe na televisheni kabla ya Noeli. Imeuzwa kwa ajili ya simu mpya, ingawa ile ya zamani ilikuwa ikipiga na kupokea. Na msimu unapofika, mwenye shamba anasimama kando ya kibanja alichoachiwa na baba yake, akitazama wengine wakichuma kahawa isiyo yake tena, wakati simu ile imekwisha kupasuka kioo na televisheni imekwisha kuzimika. Tajiri wa Injili alilimbikiza mavuno yaliyokwisha kuiva. Sisi tunayala mavuno kabla hayajaiva. Tofauti ni kubwa, ila ugonjwa ni mmoja, kwani wote wawili wameweka matumaini yao katika vitu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme tochi moja inauzwa shilingi 5,000 na inadumu miezi mitatu, na nyingine inauzwa shilingi 15,000 na inadumu miaka mitatu. Anayenunua ile ya kwanza atahitaji tochi 12 katika miaka hiyo mitatu, na atakuwa ametoa shilingi 60,000. Amelipa mara nne, na jalalani kwake kuna tochi 11 mbovu. Maskini hununua ile ya 5,000 kwa sababu hana 15,000 kwa siku moja, na hilo si kosa lake. Lakini wengi wetu tungeweza kusubiri na kuweka akiba. Tunachokosa ni subira, na subira ni fadhila ambayo haiuzwi dukani.

Tena yupo mwingine anayelipa, ambaye hatumwoni. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na jiji la Dhaka, nchini Bangladesh, liliporomoka juu ya wafanyakazi waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa nchi za nje kwa bei nafuu. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake vijana. Siku chache baadaye, katika sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Papa Fransisko aliulinganisha ujira waliokuwa wakilipwa na utumwa. Baadhi ya nguo za namna hiyo huvaliwa kidogo huko ng'ambo, hutupwa, kisha hufungwa katika marobota na kutufikia sisi. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, yafaa tujiulize ni jasho la nani halikulipwa.

Na hapa nyumbani? Watafiti waliochimba Katuruka na Kemondo katika miaka ya 1970, akiwamo Profesa Peter Schmidt kutoka Marekani, walionyesha kwamba wahunzi wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha chuma tangu takriban miaka 2,000 iliyopita, tena kwa ufundi uliotoa chuma cha pua. Wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri na kuifanya mbele ya macho yao, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Leo, katika nchi hiyohiyo, majembe mengi tunayolimia yanatoka China na India. Bibi zetu walijua lubugo, nguo ya magome ya mti, na wangali wapo wanaosuka vikapu na mikeka, lakini zawadi ya harusi siku hizi ni beseni la plastiki. Hapa Bukoba tuna kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya unga kutokana na kahawa yetu, na bado katika nyumba za wakulima wa kahawa mgeni anaweza kukaribishwa kwa kopo lililotoka ng'ambo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha, na msala nao umekwisha kupita.

Hata mataifa yanaona ugumu wa jambo hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya kwetu vipate kuinuka. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na nchi zetu zikatishiwa kupoteza nafuu ya kodi katika soko la huko. Moja baada ya nyingine zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Tunalitaja hilo ili tuelewe kwamba mkulima wa Muleba hawezi kubebeshwa peke yake mzigo ambao serikali zimeshindwa kuubeba. Hata hivyo, lipo eneo dogo ambalo hakuna taifa la kigeni linaloamua kwa niaba yetu, nalo ni mfuko wetu wenyewe.

Kanisa limelifundisha hili kwa uwazi. Papa Benedikto wa XVI, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alitukumbusha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, wala si la kiuchumi peke yake. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kuunganisha kilio cha maskini na kilio cha dunia. Kilio hicho cha pili tunakisikia hapahapa mjini. Mvua kubwa zinaponyesha, mto Kanoni unabeba chupa, kandambili zilizokatika na vifungashio kuelekea Ziwa Victoria, ambako wavuvi wetu wanatafuta riziki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ni jambo jema, lakini sheria haiwezi kupiga marufuku tamaa. Hiyo ni kazi ya neema na ya nidhamu yetu.

Wapendwa, kuna jambo moja linalotuuma kuliko yote, nalo linahusu watoto. Kila mwaka, Komunyo ya Kwanza inapokaribia, wapo wazazi wanaomwendea katekista kwa aibu na kuomba mtoto wao asubiri mwaka mwingine. Mafundisho ameyamaliza na sala anazijua. Kinachokosekana ni gauni jeupe la dukani, viatu, shada la maua ya plastiki na fedha ya karamu. Yesu aliyezaliwa horini anamsubiri mtoto huyo, na sisi tumeweka duka katikati yao. Hapa ndipo tunapotambua kwamba jambo hili si la uchumi tu. Vitu vilivyokuja kututumikia vimeanza kuamua nani aikaribie Meza ya Bwana.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu, yajadiliwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo na katika Halmashauri Walei ya parokia yetu.

Kwanza, kanzu nyeupe za Komunyo ya Kwanza zishonwe na mafundi wetu wenyewe, zote za namna moja, ziwe mali ya parokia, na ziazimwe mwaka hata mwaka bila malipo. Asiwepo mtoto atakayesubiri kwa sababu ya nguo.

Pili, kila jumuiya iwe na mfuko wa kuweka na kukopa, hata ukianza kwa fedha kidogo, ili familia yenye mgonjwa au yenye ada ya kulipa ipate mahali pa kukimbilia kabla ya kuuza kahawa ikingali maua. Na wanajumuiya wawe na ujasiri wa kindugu wa kumwambia mwenzao, "Ndugu yetu, hili la mapambo linaweza kusubiri."

Tatu, kabla ya kununua, tujiulize maswali machache. Je, ninakihitaji? Je, kitadumu, na kikiharibika yupo fundi wa kukitengeneza? Je, yupo jirani yangu anayekitengeneza hapa? Tukiongeza shilingi chache kwa fundi viatu au kwa mama anayesuka vikapu, fedha hiyo tutaiona tena, katika ada ya mtoto wake na katika sadaka ya Jumapili.

Nabii Isaya (sura ya 55) anawauliza watu wa Mungu kwa nini wanatoa fedha kwa kitu kisicho chakula, na jasho lao kwa kitu kisichoshibisha. Ni swali la Mungu anayetupenda na anayehuzunika kutuona tukichoka bure. Tulipokee swali hilo juma hili, kila mmoja nyumbani mwake, akitazama alivyo navyo na kumshukuru Mungu kwa vile vinavyotosha.

Ee Bwana, utujalie mioyo inayotosheka, mikono inayopenda kazi, na macho yanayomwona jirani kabla ya kuona bidhaa. Ulinde vibanja vyetu na maua ya kahawa yetu hadi yatakapokuwa matunda. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.