Ule mkoba wa mjomba haukuwa wa kushukia kisimani

Wadau, hii stori nimeikalia tangu Agosti.

Mjomba wangu alifanya kazi melini miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani huku Ikutha, Kitui. Ukutani kwake kuna mkoba wa rangi ya machungwa: ndani ni mtungi mdogo wa hewa na kofia ya plastiki inayofunika kichwa chote. Kijijini unaitwa "oksijeni ya mjomba". Mwaka jana niliuvaa nikajirekodi bila yeye kujua. Laiki kibao.

Sasa, kwetu maji ni kuchimba. Kisima cha jirani, futi 30 hivi, kilikuwa kimepungua, fundi akashuka kuongeza kina. Pampu ya petroli ikiwa juu haivuti maji ya mbali hivyo, kwa hiyo wakaishusha ndani. Kabla ya hapo walikuwa wameshusha koroboi, ikawaka vizuri, wakasema hewa iko. Koroboi huzimika oksijeni ikipungua sana. Lakini moshi wa injini una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na koroboi haiitambui hata kidogo.

Fundi akanyamaza.

Nilikimbia kuchukua mkoba. Kusema ukweli, nilikuwa nishuke. Mjomba akanishika mkono mlangoni: "Wee kijana, hii ni ya kutoka, si ya kuingia."

Hewa ya ule mtungi ni ya dakika 10 tu, ya kumtoa baharia kwenye moshi wa chumba cha injini hadi nje. Sheria za kimataifa za meli zinakataza kuitumia kuzima moto au kuingia mahali pasipo na oksijeni. Halafu akanionyesha kipimo. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, na ile lakiri ya mkoba imekatika. Aliyeikata ni mimi. Hewa yote niliimalizia kwenye video.

Fundi alipona kwa sababu alikuwa amefungwa kamba kifuani. Wanaume wanne walimvuta juu, anatapika, kichwa kinamuuma, akakimbizwa hospitali. Bila kamba tungekuwa tunachangisha.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: wenye visima, injini isishuke kisimani, kwisha. Kina kikizidi, tafuta pampu ya umeme ya kuzamisha. Anayeshuka afungwe kamba, na watu wa kumvuta wasibanduke hapo juu. Mtu akizimia chini, usimfuate, hata kama ni ndugu yako. Kule Kibwezi, Makueni, kwa shangazi, nimewaambia hivyo hivyo kuhusu mashimo ya choo, maana ile gesi inayonuka yai bovu ikizidi inaua pua kwanza, unadhani imeisha.

Video nimeifuta. Mkoba umerudi ukutani, na mjomba ameuandika kwa kalamu nyeusi kama wanavyofanya melini: YA MAZOEZI.