Debe, Mtumbwi na Mpira wa Gari

Kitenzi -vuja huonekana chepesi mno kustahili somo zima. Mwanafunzi huona kwamba anakijua tangu utotoni: debe linavuja, paa linavuja, mtumbwi unavuja. Hata hivyo, ukiitazama mifano hiyo kwa makini utagundua jambo. Debe la mawese likivuja, kilichomo ndani hutoka nje. Mtumbwi ukivuja, kilicho nje huingia ndani. Kitenzi ni kimoja, kauli ni moja, na muundo wa sentensi ni mmoja, ilhali mwelekeo wa tendo ni kinyume kabisa.

Nimefundisha sarufi kwa miaka mingi, lakini maelezo bora ya jambo hili niliyapata nje ya darasa, katika kijiji cha Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge. Nilikuwa abiria katika teksi iliyokuwa ikielekea Nyanza-Lac kwa barabara ifuatayo ufuko wa Ziwa Tanganyika. Lilikuwa gari dogo kuukuu la miaka ya 1980, lenye kabureta. Kila liliposimama kushusha abiria, injini ilitetemeka, na mara mbili ilizimika. Lilipokwisha kushika mwendo, lilitulia. Baya zaidi lilikuwa breki. Dereva alikanyaga kwa nguvu zake zote, mfano wa mtu akanyagaye jiwe, na gari likachelewa kusimama. Nyuma yangu alikaa mama aliyempakata mtoto mchanga, na kandokando ya barabara wanafunzi walikuwa wakirejea nyumbani. Abiria mmoja alimwambia dereva waziwazi kwamba hataendelea na safari. Hapo dereva akakata shauri kuingia kwa fundi aliyekuwa na kibanda chake chini ya mwembe.

Mazungumzo yao nayaandika kwa Kiswahili sanifu.

“Fundi, mipira ya gari hili inavuja,” alisema dereva. Alieleza kwamba wiki iliyotangulia kabureta ilifunguliwa ikasafishwa, na tangu siku hiyo gari halikutulia. Fundi mwingine alikwisha kutafuta unyevu wa mafuta na wa maji, akabadilisha mipira miwili ya rejeta, na hali ikabaki vilevile.

Fundi hakugusa kitu. Aliuliza: “Linavuja kama debe, au linavuja kama mtumbwi?”

Dereva alicheka, kisha akanyamaza. Swali lile lilikuwa limegawa kazi yote mafungu mawili. Gari likivuja kama debe, mtafutaji hutazama chini, atafute tone la mafuta au doa la maji. Likivuja kama mtumbwi, hapana tone wala doa, kwa kuwa kinachovuja ni hewa, nayo inaingia ndani. Anayetafuta unyevu atatafuta hadi jioni, na pesa za mwenye gari zitakwisha kwa kununua mipira isiyohitajika.

Sababu yake ni hii. Katika injini ya petroli, pistoni ikishuka huvuta hewa kupitia kabureta. Dereva asipokanyaga mafuta, kilango cha kabureta huwa karibu kimefungwa, kwa hiyo hewa haiwahi kuijaza nafasi iliyoachwa na pistoni. Shinikizo la ndani hushuka likawa chini ya lile la hewa ya nje. Hali hiyo wanafizikia huiita ombwe, na mafundi wengi huiita vakyumu. Mipira midogo iliyounganishwa hapo hutumia ombwe hilo kufanya kazi mbalimbali, na ule mnene kuliko yote huenda kwenye chombo cha duara kimsaidiacho dereva kukanyaga breki. Mpira wowote ukipata ufa, hewa isiyopimwa huingia. Injini huhitaji takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Hewa ikizidi, moto hupwaya na injini hutetemeka. Gari likiwa mwendoni, injini humeza hewa nyingi, na ile ya wizi huwa sehemu ndogo tu. Ndiyo maana tulitulia barabarani na kutetemeka vituoni. Na kwa kuwa ombwe lilikuwa limepungua, breki ilikosa msaidizi wake.

Vitabu vya ufundi husema kwamba injini nzima, ikiunguruma bila kukanyagwa, huonyesha ombwe la milimita 430 hadi 560 za zebaki. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya bahari, na ombwe hupungua kiasi cha milimita 25 kwa kila mita 300 za kupanda. Gari zima la Kigwena, basi, litaonyesha pungufu ya milimita 65 hivi, na asiyejua hilo anaweza kulihukumu kuwa gonjwa.

Fundi wetu hakuwa na kipimo. Alikuwa na sikio. Alichukua kipande cha mpira chenye urefu wa mkono, akaweka ncha moja sikioni, na ncha ya pili akaipitisha polepole juu ya kila kiungo, mbali na feni. Penye mpira mnene wa breki alisimama. Aliufunika kwa kitambaa, akaubana kwa koleo, na mtetemo ukapungua mara moja. Kisha akadondosha maji kidogo kwenye kiungo: mlio ukabadilika, na maji yakanywewa ndani. Dereva alipopendekeza petroli itumike badala ya maji, fundi alikataa katakata, maana petroli juu ya injini yenye moto ni kuualika mlipuko.

“Kumbe umepasuka,” alisema dereva.

“Haukupasuka,” alijibu fundi. “Umepasuliwa.”

Hapa ndipo nilipotoa daftari. Mpira ungekuwa umepasuka kwa uzee, ungekuwa mkavu na mgumu, na mipira mingine ya umri wake ingestahili kushukiwa yote. Huu ulikuwa bado laini. Ncha yake ilikuwa na mchano ulionyooka wenye alama ya bisibisi, kazi ya mkono wa mtu. Kwa hiyo fundi aliufuata mkono huo kila mahali ulipopita wakati kabureta ilipofunguliwa, na akaukuta mpira mwingine mdogo uliorudishwa bila kukazwa.

Matengenezo yalikuwa mafupi. Alikata ncha iliyochanika, kwa kuwa urefu ulitosha, akaurudisha mpira na kuukaza kwa kibano. Alihakikisha kwamba vali ndogo ya njiani imeelekezwa upande wake, yaani hewa itoke kwenye chombo cha breki kuelekea injini, isirudi. Dereva aliuliza kama mpira wa ndani wa baiskeli ungefaa kama akiba. Fundi alimwambia kwamba ombwe lingeubonyeza mpira mwembamba ukajifunga. Hutakiwa mpira wenye ukuta mnene. Mwisho akajaribu breki: injini ikiwa imezimwa, alikanyaga mara kadhaa hadi pedali ikawa ngumu, akauacha mguu palepale, akawasha. Pedali ikazama kidogo. Hiyo ndiyo dalili kwamba ombwe limefika. Yule abiria aliyekataa safari akarudi kitini.

Sasa, mwalimu mtarajiwa, turejee kwenye sarufi. Kitenzi -vuja katika kauli ya kutenda hueleza kwamba kitu kinapitisha kisichopaswa kupita; mwelekeo tunaupata kwa kukijua kitu chenyewe. Tukitaka kuutaja, lugha inatupa kauli ya kutendea pamoja na mahali: maji yanavujia mtumbwini, hewa inavujia ndani ya injini. Angalia pia kwamba kiima kimebadilika: si mtumbwi tena, ni maji, si mpira, ni hewa. Vivyo hivyo, -pasuka ni kauli ya kutendeka, nayo hueleza hali bila kumtaja wala kumdokeza mtenda. Umbo la -pasuliwa ni la kutendwa, na hata mtenda asipotajwa, nafasi yake ipo wazi ikisubiri jina. Jozi nyingine za namna hii ni -chomoka na -chomolewa, -legea na -legezwa.

Wanafunzi wengi hukariri viambishi hivi katika jedwali na kuvisahau baada ya mtihani, kwa sababu hawajaona vinafanya kazi gani. Wape kwanza debe, mtumbwi na mpira wa gari, uwaulize kitu gani kinapita, kinatoka wapi na kinaingia wapi. Wape kisha kikombe kilichovunjika na kikombe kilichovunjwa, uwaulize ni sentensi ipi inayomruhusu mtu kuuliza “na nani?” Jedwali waletee baada ya hapo.