Shangazi na skrini ya bluu

Wewe mtoto wa mjini unayebadili simu kila Krismasi, sikia hii. Shangazi yangu, katibu muhtasi mstaafu, ana barua ambazo marehemu mumewe alimchapia kwa WordPerfect 5.1, ile ya mwaka 1989. Karatasi ziliozeshwa na mvua, yamebaki mafaili. Sasa kompyuta yake mpya ya Windows 11 ikagoma katakata kuifungua programu. Fundi mmoja wa mtaani akamwambia eti afute tu. Afute? Barua za mume?

Programu haijafa jamani! Ni ya DOS, ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi tena vitu hivyo. Nikashusha DOSBox, ya bure kabisa, inayojifanya kompyuta ya zamani. Nikaandika kwa mkono: mount c c:\wp51, halafu c:, halafu wp. Mara skrini ya bluu hiyo! (LibreOffice nayo huyasoma mafaili hayo, ila shangazi alitaka bluu yake.)

Nikajidai kumwelekeza. Wapi! Akanisogeza, akabonyeza F5 na Enter, orodha ikajipanga. Akafungua moja ya mwaka 1993, akavaa miwani.

"Baba, hebu nenda kaninunulie soda."

Nikaenda, tena polepole.