Nyuzi za Chuma

Gitara ya kwaya yetu hapa Kapolowe ilikuwa ya nyuzi za nailoni. Zilipokatika, mimi mwenyewe nikaenda kununua za chuma ku soko ya Likasi. Kijana mumoja wa kwaya akasema, «Pasta, hizi zitavuta sana.» Sikumusikiliza. Likasi ndio muji wa Mwenda Jean Bosco, hata batoto wanajua gitara, mimi sikujua.

Nyuzi sita za nailoni zinavuta ubao wa mbele kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma zinapita kilo 70. Kwanza sauti ikawa kali, wamama wakashangilia. Kisha ubao ukafura kama tumbo. Siku moja, katikati ya wimbo, kile kibao kinachoshika nyuzi kikang'oka: paa!

Hata piano ni vile. Nyuzi zake zaidi ya 200 zinavuta karibu tani 18. Chuma cha ndani kinabeba mzigo, lakini ubao wa sauti nao unasukumwa. Nyuzi zote zikitolewa, ubao unainuka. Zikirudi, unashuka tena, na fundi anarudia kuzikaza mara nyingi.

Yule kijana alibandika kibao na gundi, akarudisha nailoni. Nilimuomba radhi mbele ya kwaya yote. Ubao ungali na tumbo kidogo, tunaimba nayo vile vile.