Kupiga mbizi kwenye meli ya waya

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa Unguja. Wengi mmeniuliza: mtu wa Kitengela, huku Kajiado ambako tunanunua maji ya boza, anatafuta nini chini ya bahari? Nilikuwa natafuta meli.

Yote yalianza Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nilikuwa napakia programu ya mteja kwenye seva iliyo Ulaya. Aliitaka kabla ya Jumatatu asubuhi, la sivyo mkataba umekwisha. Ghafla kila kitu kikaanza kutambaa. Modemu haikuwa na tatizo. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Kazi ilipita saa tisa usiku, kidogo kidogo.

Dawa ya hapo si kuandika amri kwenye kompyuta. Ni meli: inauvua waya kutoka sakafu ya bahari, mafundi wanauunganisha, wanaushusha tena. Nikaanza kusoma, nikakutana na Great Northern.

Hii ni meli ya Kiingereza ya mwaka 1870, iliyohudumia nyaya za telegrafu. Waya kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 Unguja ikaungwa na Mombasa. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 1902, meli ilikwama mwambani nje ya mji, ikazama.

Kina ni kama mita 12 tu, lakini msidharau. Ukifika mita 10 tayari shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na masikio yanakuambia. Unabana pua, unapuliza taratibu, unashuka. Mimi nilijifunza kuogelea ukubwani, kwa hiyo mkono wa mwalimu sikuuachia!

Kisha nikaziona mbavu za chuma. Matumbawe machanga hayashiki kwenye mchanga unaohamahama, yanataka kitu kigumu, na hapa yamekipata. Pono walikuwa wakiguguna juu yake, changu wamejificha kivulini. (Mombasa walizamisha MV Dania kwa makusudi mwaka 2002 wapate kitu kama hiki.)

Nilitafuta hata kipande kimoja cha waya. Sikukiona. Mwalimu akatazama kipimo changu cha hewa, akainua kidole gumba: tupande.